Hivi Wakanada walianza lini kujiona taifa? Karibuni tubishane

#1 Kijiwe cha Kahawa

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Trump aanze kuiita Kanada jimbo la 51, nawasoma Wakanada mitandaoni wanatoa povu kweli kweli, na kuna kitu hakiniingii akilini. Wengi wao wanaongea Kiingereza kile kile, wanatazama sinema zile zile, kama robo tatu ya bidhaa wanazouza nje zinakwenda kwa huyo huyo jirani, na mkuu wa nchi yao ni mfalme anayeishi London. Sasa wanachotetea ni nini hasa?

Msimamo wangu: Kanada ni mabaki. Wamarekani walipojitoa kwa Mwingereza mwaka 1776, yako makoloni hayakwenda nao. Hayo ndiyo Kanada. Utaifa walikuja kujishonea baadaye, tena juzi juzi tu. Mwenye hoja kinyume aje nayo, ila aje na miaka na majina. Matusi hapana.

#2 Nondo12

Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni, mimi ni wa kula karanga tu.

#3 Dafu la Pangani

Mleta uzi umepotoka mapema sana. Hayo "mabaki" yako yalivamiwa na Wamarekani mara mbili, na mara zote mbili yakabaki yalipo. Kwanza jeshi la mapinduzi lilipanda likaitwaa Montreal, kisha likajaribu mji wa Quebec alfajiri ya Desemba 31, 1775, katikati ya dhoruba ya theluji. Jenerali wao Montgomery akafia pale pale. Mara ya pili ni vita ya 1812. Jefferson aliandika kwamba kuitwaa Kanada hadi jirani na Quebec itakuwa kazi ya kutembea tu. Wametembea miaka miwili na nusu, mkataba wa Ghent ukaurudisha mpaka pale pale ulipokuwa.

Na kwa taarifa yako Wakanada ndio waliochoma Ikulu ya Marekani 1814. Watu waliochoma White House unawaita mabaki?

#4 Mzee Rekodi

Dafu, ya 1775 umepiga mule mule. Ya Ikulu ni chai. Waliochoma Washington Agosti 1814 ni askari wa Uingereza chini ya Jenerali Robert Ross, wengi wao wametoka kwenye vita vya Napoleon huko Ulaya. Hawakutokea Kanada. Kilichotokea Kanada ni upande wa pili: Aprili 1813 Wamarekani walitua York, ambayo ndiyo Toronto ya leo, na majengo ya bunge yakateketea.

Halafu kuna jambo ambalo wenyewe hawapendi kulisema kwa sauti. Wakazi wengi wa Upper Canada, yaani Ontario ya leo, wakati huo walikuwa wametoka Marekani miaka michache tu nyuma, wamefuata ardhi ya chee. Brock, kamanda wa Kiingereza, alilalamika kabisa kwamba hawaaminiki. Waliobeba uzito wa vita ni askari wa Mfalme pamoja na wapiganaji wa Tecumseh, kiongozi wa Washawnee aliyeuawa vitani Oktoba 1813. Vita ilipokwisha ndipo ikaanza kusimuliwa kwamba wakulima wenyewe, na majembe yao, ndio walioiokoa nchi. Watoto wamesomeshwa hivyo vizazi na vizazi.

#5 Nondo12

Dafu, moto wa Ikulu umeshazimwa. Pole mkuu.

#6 Bukavu514

Bandugu, salama. Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Montréal. Huyu wa #1 anaongea kama vile Kanada ni Waingereza peke yao. Mabaki ya Mwingereza? Na sisi huku?

Wafaransa walikuwa wamekaa Quebec tangu 1608. Mwingereza akawapiga 1759 kwenye uwanda wa Abraham, Mfaransa akasaini kuwaachia kwa mkataba wa Paris 1763, akajiondokea. Wakabaki wakulima na mapadri, watu kama 70,000, katikati ya bahari ya Waprotestanti. Mwaka 1774 London ikawapa sheria ya kuwaachia dini yao ya Kikatoliki na sheria zao za kiraia. Ndiyo maana Wamarekani walipokuja 1775 kuwaambia "jiungeni nasi mpate uhuru", wengi walikaa nyumbani. Hawakumpenda Mwingereza, walipima tu ni nani angewaachia kanisa na lugha.

Kwa hiyo kama mnatafuta utaifa wa kwanza wa Kanada, uko huku. Hata wimbo wa taifa: O Canada uliimbwa kwanza Quebec 1880, kwa Kifaransa, wakati wenzao wa Toronto bado wanaimba "Mungu Mlinde Malkia". Serikali iliufanya rasmi 1980, miaka 100 baadaye. Kila gari linalopita mbele yangu asubuhi limeandikwa kwenye namba *Je me souviens*, yaani nakumbuka. Mtu wa Toronto namba yake haina la kukumbuka.

#7 Kijiwe cha Kahawa

@Bukavu514 umenipa kitu, asante. Lakini ulichoeleza ni utaifa wa Quebec. Mimi naulizia wa Kanada nzima.

#8 Panga Butu

Mnapiga ngoma na nyimbo, fuateni hela.

1854 makoloni yale yalisaini mkataba wa kuuziana bila ushuru na Marekani. 1866 Marekani wakauvunja. Mwaka unaofuata tu, Julai 1, 1867, makoloni matatu yakaungana na kuwa majimbo manne: Ontario, Quebec, Nova Scotia na New Brunswick. Soko la kusini limefungwa, wakajitafutia soko lao wenyewe. Mwaka huo huo Marekani wakainunua Alaska kwa Mrusi. Mtu mwenye akili anaona anazungukwa.

1879 waziri mkuu Macdonald akapandisha ushuru ili viwanda vya Ontario na Montreal vipumue. Reli ya kutoka mashariki hadi Pasifiki ikakamilika Novemba 7, 1885. Bila reli hiyo British Columbia ilikuwa inaondoka, maana ilijiunga 1871 kwa ahadi ya reli. Kwenye uchaguzi wa 1891 Macdonald alisimama akasema amezaliwa raia wa Uingereza na atakufa raia wa Uingereza. Watu wakalia machozi. Wenye viwanda wakacheka.

1911 tena: waziri mkuu Laurier akaja na mkataba wa kupunguza ushuru na Marekani, spika mteule wa bunge la Marekani, Champ Clark, akaropoka kwamba anatarajia kuiona bendera yao ikipepea mpaka Ncha ya Kaskazini. Laurier akaangushwa. Huo utaifa wenu ni ushuru wa forodha uliovalishwa joho.

#9 Dafu la Pangani

Panga Butu leo umenolewa.

#10 Theluji Tamu

Wadau, niko Winnipeg, kwetu Kisauni. Panga Butu umeitaja Novemba 7, 1885 ukakimbia. Siku tisa baadaye, Novemba 16, walimnyonga Louis Riel kule Regina. Huwezi kuizungumza reli ukamruka huyo, maana reli hiyo hiyo ndiyo iliyobeba askari wa kwenda kuwapiga watu wake.

Riel alikuwa Métis, mchanganyiko wa Wafaransa na wenyeji wa asili. 1869 Kanada iliponunua ardhi kubwa ya magharibi kutoka kampuni ya Hudson's Bay, kwa pauni 300,000, hakuna aliyewauliza wakazi. Riel akaunda serikali ya muda hapa hapa ninapokaa, akalazimisha mazungumzo, na 1870 Manitoba ikazaliwa kama jimbo. Alichaguliwa mbunge mara tatu na hakuwahi kukaa kwenye kiti. Akakimbilia Marekani, akachukua uraia wa kule, akawa mwalimu Montana, kisha akarudi kuwatetea watu wake Saskatchewan wakamtia kitanzi. Ontario walimwita msaliti, Quebec wakamlilia kama mtoto wao. Leo Manitoba kila Februari tunapumzika kazini, sikukuu ya Louis Riel.

Sasa niambieni, taifa hilo linalojiona dogo mbele ya Marekani lilikuwa dogo mbele ya nani huku magharibi? Sitting Bull alivuka mpaka 1877 baada ya kumpiga Custer, akidhani upande huu kuna afadhali. Hawakumpa ardhi, chakula kikawa hakuna, akarudi kujisalimisha 1881. Watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000 walipelekwa shule za bweni kusahaulishwa lugha zao, na serikali ikaomba radhi bungeni 2008. Ukiwauliza wazee wa wenyeji hao, wa Cree au Anishinaabe, kuhusu utaifa wa Kanada, watakuuliza kwanza ni mkataba wa ardhi namba ngapi unaozungumzia.

#11 Nondo12

Karanga zimeniganda mdomoni.

#12 Mzee Rekodi

Theluji Tamu umesema kweli na inauma. Na liko eneo la Wamohawk, Akwesasne, ambalo mpaka wa Kanada na Marekani unapita katikati, tena upande wa Kanada wenyewe wamegawanywa kati ya Ontario na Quebec. Hao wanasema wana taifa lao kabla ya hayo mengine yote.

Narudi kwa Panga Butu. Ushuru haukuwafanya Wakanada wamkasirikie Mwingereza, na huyo ndiye mkubwa wao wa kwanza. Kilichowakera ni Alaska 1903. Mgogoro wa mpaka ulipelekwa kwa majaji sita: Wamarekani watatu, Wakanada wawili, na jaji mkuu wa Uingereza Lord Alverstone. Alverstone akapiga kura na Wamarekani. London ilikuwa inautaka urafiki wa Washington, Kanada ikawa sadaka. Wale Wakanada wawili walikataa kuweka saini.

Hapo wakaelewa kwamba nchi isiyosaini mikataba yake inasainiwa. Ona sasa walivyokwenda polepole: 1919 waziri mkuu Borden akang'ang'ania kiti chake Paris na sahihi yake kwenye amani ya Versailles. 1923 mkataba wa uvuvi wa halibut, samaki wa Pasifiki, ukasainiwa na Kanada na Marekani peke yao, balozi wa Uingereza kaachwa mlangoni. 1931 sheria ya Westminster, London ikakoma kuwatungia sheria bila ridhaa yao. Septemba 1939 Uingereza ilitangaza vita tarehe 3, Kanada tarehe 10, wiki moja baadaye, kuonyesha kwamba bunge lao ndilo lililoamua. Uraia wa Kanada kama uraia ulianza Januari 1, 1947. Kabla ya hapo kisheria walikuwa raia wa Mfalme wa Uingereza tu. Rufaa za mwisho za mahakama zilikuwa zinakwenda London mpaka 1949.

Hakuna siku moja ya kushusha bendera saa sita usiku. Ndiyo maana mleta uzi hupati tarehe.

#13 Kisigino

Mzee umeiruka Vimy, kule Ufaransa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia! Aprili 1917, divisheni zote nne za Kanada zinapigana pamoja kwa mara ya kwanza, zinauteka mlima walioshindwa Wafaransa na Waingereza. Wakanada 3,598 walikufa kwa siku nne. Wenyewe wanasema nchi yao ilizaliwa pale, chini ya majenerali wao.

#14 Mzee Rekodi

Kamanda wa kikosi kizima pale Vimy alikuwa Julian Byng, Mwingereza. Arthur Currie, Mkanada, alikuwa na divisheni ya kwanza. Alipewa kikosi kizima miezi miwili baadaye.

#15 Bukavu514

Na mwaka huo huo wa Vimy, 1917, serikali ilileta sheria ya kulazimisha vijana kwenda vitani. Quebec ikasema hiyo ni vita ya Mwingereza, kwa nini mtoto wangu akafie kule. Pasaka ya 1918 jeshi liliwapiga risasi watu barabarani mjini Quebec, raia wakafa. Mnasema taifa lilizaliwa? Huku kwetu tunasema karibu livunjike.

#16 Mpambanaji255

Samahani kwa kutoka nje ya mada wakuu. Kuna mwenye koneksheni ya kazi huko Kanada? Nina leseni ya magari makubwa.

#17 Nondo12

Nilikuwa najiuliza utafika lini.

#18 Theluji Tamu

@Mpambanaji255 taarifa zote ziko kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji yao, kusoma ni bure. Anayekuahidi kibali na kukuomba hela kabla, mkimbie. Na nunua koti kabla ya kununua tiketi.

#19 Bi Mkubwa Msasani

Wanangu, mnazungumza sana vita mnasahau bendera. Mimi naona jibu liko Misri.

1956 Nasser aliitaifisha Suez. Israeli, Uingereza na Ufaransa wakamvamia. Marekani wakakasirika, Urusi nayo ikatishia. Kanada ikajikuta pabaya: mama yake na jirani yake hawaongei. Lester Pearson, waziri wa mambo ya nje, akaenda Umoja wa Mataifa na wazo la jeshi la kulinda amani likae katikati. Likakubaliwa, na 1957 akapata tuzo ya Nobel. Hapo pazuri.

Sasa pabaya. Kanada ilipotaka kupeleka askari wake, kikosi kilichoandaliwa kinaitwa Queen's Own Rifles, yaani bunduki za Malkia mwenyewe. Sare zao za Kiingereza. Bendera yao nyekundu ina Union Jack pembeni. Misri ikasema hapana, hawa raia wetu watawatofautishaje na walewale waliotupiga mabomu wiki iliyopita? Kanada ikabidi ipeleke watu wa usafirishaji na mawasiliano, wale askari wa miguu wakabaki nyumbani. Fikiria aibu ya Pearson: amani umeibuni wewe, na mlangoni unazuiwa kwa nguo ulizovaa.

Alipokuwa waziri mkuu akaamua bendera ibadilike. Mei 1964 akaenda Winnipeg, mbele ya wanajeshi wastaafu waliopigana chini ya ile ya zamani, akawaambia uso kwa uso. Wakamzomea. Bungeni wakabishana miezi sita, mpinzani wake Diefenbaker hataki kusikia, mpaka Desemba ikapita kwa kura 163 dhidi ya 78. Februari 15, 1965 jani la mpera likapandishwa. Haina Uingereza ndani yake, haina Ufaransa, haina nyota za Marekani. Mimi nikiulizwa lini, nasema siku hiyo.

#20 Dafu la Pangani

Bi Mkubwa shikamoo. Umeniingiza darasani. Ila ni mpera gani huo wenye jani la pembe nyingi vile?

#21 Bi Mkubwa Msasani

Marahaba. Ni mti wa maple, mpera ni vidole vya uzee na simu ya mjukuu. Umeelewa lakini.

#22 Theluji Tamu

Nyongeza kidogo: bendera mpya ilipopita, Ontario na Manitoba zilikasirika zikachukua ile nyekundu yenye Union Jack na kuifanya ya jimbo. Ipo mpaka leo, naiona kila siku nikipita jengo la bunge la jimbo. Quebec wao walikuwa na ya kwao tangu 1948. Kwa hiyo Februari 15 haikumaliza kitu, Bi Mkubwa.

Na kuhusu mfalme: siku ya kula kiapo cha uraia tulikuwa ukumbi mzima, mikono juu, kushoto kwangu Mfilipino na kulia mama wa Kieritrea. Tumeapa utiifu kwa Mfalme Charles wa Tatu, Mfalme wa Kanada, na warithi wake. Mara ya kwanza Kiingereza, mara ya pili Kifaransa, hapo mimi natingisha midomo tu. Ndani ya kiapo hicho hicho kuna haki za mikataba ya wenyeji wa asili, zimeongezwa 2021. Babu yangu alikesha Desemba 1963 akicheza ngoma Mwingereza anaondoka, mimi nimesafiri nusu ya dunia kumwapia mtoto wa malkia yule yule.

#23 Nondo12

Babu anajigeuza kaburini upande upande.

#24 Mtaa wa Lumumba

Kuna kipande cha kwetu hapa mnakiruka. Baada ya maasi ya Januari 1964 Mwalimu hakutaka jeshi liendelee kuwa mikononi mwa Waingereza. Wajerumani Magharibi waliokuwa wanasaidia wakaondoka 1965 kwa ugomvi wa ubalozi wa Wajerumani Mashariki Zanzibar. Nani akaja kulifundisha JWTZ? Kanada, 1965 hadi 1970, ndipo Wachina wakachukua. Kanada ilifaa kwa sababu ni mzungu wa Magharibi ambaye hakututawala na si Mmarekani. Huo utaifa wenye mashaka mleta uzi anaoucheka, kwetu ulikuwa na bei nzuri sokoni.

#25 Panga Butu

Bei nzuri kwa nani? Mashamba ya ngano ya Basotu, Hanang, yalijengwa kwa msaada wa hao hao Wakanada, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao, kesi zikafika mahakamani. Kila mkubwa ana mdogo wake.

#26 Mjukuu wa Kampala

Nimechelewa, nasoma toka juu. Bibi na babu yangu walifukuzwa na Amin 1972. Kanada ilituma maofisa Kampala na kuchukua watu 6,000 hivi. Nyumbani kwetu Toronto bibi alikuwa akigombana na sufuria kwa Kiswahili mpaka anafariki.

Kwa hiyo maelezo yangu ni haya. Miaka ya 60 Mwingereza alikuwa amekwisha, ile habari ya "sisi ni wana wa himaya" haikuuzika tena. Pengo likajazwa na mambo mengine: 1966 sheria ya matibabu ya bima ya umma nchi nzima, aliyoianzisha Tommy Douglas Saskatchewan, 1967 uhamiaji wa kuhesabu alama bila kuangalia rangi, 1971 Pierre Trudeau akatangaza sera ya tamaduni nyingi. Mkanada wa leo ukimuuliza yeye ni nani atakuambia hospitali kwanza. Mwaka 2004 walipopiga kura kwenye televisheni ya CBC kumchagua Mkanada mkuu kuliko wote, alishinda Douglas.

#27 Bukavu514

Karibu Mjukuu. Lakini huku Quebec wengi wanaiona sera ile ya 1971 kama mtego. Walikuwa wanadai kuwa moja ya mataifa mawili waanzilishi, Trudeau akawageuza kuwa utamaduni mmoja kati ya mingi. Na Trudeau ni mtu wa Montréal!

Halafu 1982 katiba ililetwa kutoka London. Malkia akaisaini Ottawa Aprili 17, mvua inanyesha, matone yakachafua karatasi yenyewe. Serikali ya Quebec haikukubali makubaliano yale na mpaka leo haijaweka saini. 1995 tukapiga kura ya kujitenga, hapana wakashinda kwa asilimia 50.58. Nchi nzima ilikuwa inaning'inia kwenye kura zisizojaza viwanja vichache vya mpira.

#28 Kisigino

Trudeau huyo huyo ndiye aliyewaambia Wamarekani Washington 1969 kwamba kuishi nao ni kama kulala na tembo, hata awe mpole vipi unausikia kila mtikisiko wake.

Tembo mwenyewe hana upole kila siku. Aprili 1965 Pearson alitoa hotuba Philadelphia kutaka mabomu ya Vietnam yasimame kwanza. Kesho yake akaitwa Camp David, na inasimuliwa Rais Johnson alimkunja shati akimfokea. Mwanadiplomasia huyo hakurudisha ngumi. Lakini 2003 waziri mkuu Chrétien alikataa kuingia vita ya Iraki, akapigiwa makofi bungeni.

Mimi mtu wa michezo nasema utaifa wao uko kwenye barafu, kwenye hoki. Septemba 1972 waliwapiga Warusi kwa bao la Henderson mchezo wa mwisho kule Moscow, sekunde 34 zimebaki. Februari 2025 mashabiki waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani viwanjani, mchezo wa Montreal ukaanza kwa ngumi tatu ndani ya sekunde tisa, na tarehe 20 wakashinda 3-2 kwa muda wa ziada ndani ya Boston kwenyewe.

#29 Theluji Tamu

Wakati huo maduka yalianza kubandika jani jekundu kwenye bei za bidhaa za nyumbani. Nilimwona mzee mmoja ameshika machungwa ya Florida, akaisoma lebo, akayarudisha, akachukua ya Moroko. Moroko! Akaniambia "samahani" kwa kunizibia njia. Hapo nikajua kweli wamekasirika.

#30 Panga Butu

Na hao wanaogomea machungwa ndio waliokubali soko huria na Marekani kwenye uchaguzi wa 1988. Tena waliolileta ni Conservative wa Mulroney, chama cha yule Macdonald wa "nitakufa Mwingereza". Liberal waliolitaka 1911 wakawa wanalipinga. Tangazo lao la televisheni lilionyesha mtu anafuta mstari wa mpaka kwa raba. Wakashindwa. Baada ya miaka 36 ya kuuza kwa tembo mnashangaa tembo anajiona mwenye kitanda?

Na walipobanwa walifanya nini? Mei 2025 wakamwita Mfalme Charles aje afungue bunge Ottawa. Kumkimbia mkubwa mmoja wamekwenda kujificha kwa mkubwa wa zamani. Mleta uzi, #1 yako bado inasimama.

#31 Kijiwe cha Kahawa

Mimi hata sijui inasimama au inachechemea. Mpaka sasa nina vita, kanisa, ushuru, Riel, samaki, bendera, hospitali na barafu. Dafu mwenye Ikulu kapotea.

#32 Dafu la Pangani

Nipo. Ikulu tuiache, nasimama na 1775. Wengine wote mnaeleza matawi.

#33 Mzee Rekodi

Kabla hamjalala, Panga Butu na wewe Mjukuu nijibuni hili. Newfoundland. Kisiwa cha upande wa Atlantiki. Ilikuwa dominion kamili, yaani nchi ya kujitawala chini ya Mfalme wa Uingereza, haikuwa Kanada. 1934 ikafilisika, London ikaweka tume ya kuitawala. Wakati wa vita Wamarekani wakajenga kambi kule na kumwaga ajira, na wako waliotaka muungano wa kiuchumi na Marekani. 1948 wakapiga kura mara mbili. Mara ya kwanza waliotaka kujitawala waliongoza. Mara ya pili kuungana na Kanada kukashinda kwa asilimia 52 kwa 48, na Machi 31, 1949 wakaingia.

Wale hawakuwa na Vimy. Wana Beaumont-Hamel, Julai 1, 1916, siku ya kwanza ya Somme: kikosi chao cha watu kama 800 kilitoka handakini, kesho yake walioitika majina ni 68. Kwa hiyo kila Julai 1, wakati Ottawa wanaandaa fataki, kule asubuhi wanaomboleza. Hospitali ya Douglas ilikuwa haijaja bado, bendera haijaja, ushuru ulikuwa wa kwao wenyewe. Waliingia kufuata nini, na wakawa Wakanada lini?

#34 Panga Butu

Posho ya watoto. Serikali ya Ottawa ilikuwa inalipa posho ya kila mtoto, na Joey Smallwood aliinadi kila kijiji cha wavuvi. Nilisema tangu #8.

#35 Bi Mkubwa Msasani

Na wale asilimia 48 waliokataa, posho hawakuitaka? Panga Butu usilale, tunakungoja.